Bibi Katika Vipande Vinne

Mjomba aliingia dukani saa nne asubuhi, viatu vyake bado vina udongo mwekundu wa Newala. Nilikuwa na wateja watatu: mmoja anatoa fotokopi ya kitambulisho, mmoja anasubiri barua ya kuomba kazi, wa tatu anachaji simu na kupiga soga. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa, endelea na kazi." Akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya feni, akakataa soda, akangoja hadi wa kuchaji simu naye akaondoka.

Kisha akatoa leso. Pembe moja ilikuwa imepigwa fundo, lile fundo la wazee la kufungia nauli. Akalilegeza kwa meno. Ndani mlikuwa na nailoni, ndani ya nailoni kipande cha gazeti, ndani ya gazeti memori kadi ya MB 128.

"Nimemtunza mama humu miaka 12," akasema. "Sasa kazaliwa mjukuu wangu, kapewa jina lake. Nifungulie nimsikie, niwahi gari la mchana."

Niliishika ile kadi kwa ncha za vidole. Nilijua kilichomo hata kabla ya kuichomeka: faili moja, lenye .002 mwishoni mwa jina.

Nilijua pia kwamba faili lile, likiwa peke yake, halina hata neno moja la bibi.

Nikamweleza. Nilijitahidi kueleza taratibu, nikatumia mfano wa gunia lililokatwa mara nne, nikatumia mfano wa ufunguo na kitasa, vyote vikagoma. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Akaitazama kadi, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo nilikuwa natunza nini?"

Swali hilo limenikalisha macho kuanzia mvua za Machi.

## Kila nyumba na chake

Mwaka 2012 nilikuwa kijana anayejua kompyuta kwenye ukoo wa watu wasioijua. Hiyo ni nafasi mbaya kwa kijana yeyote. Kila unalosema linakubaliwa.

Kanda zilikuwa 9, za dakika 90 kila moja, zimejaa pande zote mbili. Mjomba alimrekodi bibi miaka ya tisini kwa redio kaseti yake, jioni kwa jioni, msimu wa korosho, watu wakiwa wamekaa uani wanachambua. Mlikuwa na hadithi, nyimbo, nasaba, nani alizaliwa mwaka gani wa njaa, na ugomvi wa shamba moja ambao hadi leo haujaisha. Nilichomeka redio kwenye kompyuta kwa waya, nikakesha wiki mbili kila umeme ulipokuwapo, nikapata mafaili 9 ya MP3. Jumla MB 371.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ningeyachoma yote kwenye CD moja, nikatoa nakala nne, kila nyumba ikaondoka na bibi mzima. Hivyo ndivyo angefanya mtu asiyejua sana.

Mimi nilikuwa nimeshaijua 7-Zip. Ni programu ya bure ya Mrusi mmoja, Igor Pavlov, iliyotoka mwaka 1999, na ilisifika kwa kubana mafaili kuliko ZIP, njia iliyozoeleka na wengi. Nikachagua kiwango cha juu kabisa cha kubana. Nikaiamuru ikate kilichotoka vipande vya MB 100, kwa sababu dukani nilipokuwa nimeajiriwa palikuwa na memori kadi za MB 128 zilizokosa mnunuzi tangu watu wahamie kwenye za GB 2. Vikatoka vipande vinne. Cha .001 nikabaki nacho Mtwara. Cha .002 mjomba, Newala. Cha .003 kaka yangu, Lindi. Cha .004 mama mdogo, Masasi.

Nikawatangazia mbele ya ukoo mzima: kila nyumba ina chake, na siku tukikutana wote wanne bibi anaongea. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijiona nimebuni kitu kikubwa, tena cha kimila.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, mjomba akaniuliza zile kanda azifanye nini. Jibu nililompa nitalieleza, lakini siyo sasa.

## Faili lisilofunguka

Mjomba alipopanda gari nikampigia kaka wa Lindi. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa.

Kadi aliifuta zamani. Siku moja simu ilijaa, akaangalia kilichomo, akakuta faili kubwa la MB 100 lisilofunguka kwa chochote. Akalifuta, akajaza nyimbo. Baadaye simu ikaibiwa na kadi ikiwa ndani.

"Nilifuta kitu kisichofunguka, mdogo wangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali. Yakaishia kooni, maana nami hufuta mafaili ya namna hiyo kila wiki kwenye flashi za wateja.

Mama mdogo yeye kadi yake alikuwa nayo, kwenye kopo la vifungo. Akaifunga kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi la Masasi, ikafika jioni ileile. Nikawa na cha kwanza, cha pili na cha nne. Hadi diski ya kompyuta ya 2012, iliyokuwa na MP3 zenyewe, ilikufa miaka miwili tu baada ya kazi ile. (Ndiyo, mimi ndiye ninayebandika tangazo la kuhifadhi data za watu ukutani.)

Nikaweka vipande vitatu kwenye folda moja, nikabonyeza. 7-Zip ikakataa. Kwake hiyo haikuwa hata akaivu, yaani mzigo wa mafaili yaliyofungwa pamoja.

## Orodha iko mkiani

Watu wengi tunachanganya mambo mawili: kufunga na kubana. Kufunga ni kukusanya vitu vingi viwe mzigo mmoja. Kubana ni kuufanya mzigo uwe mdogo. Programu ya zamani inayoitwa tar, ya mwaka 1979, ya mfumo wa kompyuta uitwao Unix, inafunga tu, haibani chochote, na jina lake limetokana na kanda za sumaku walizokuwa wakihifadhia data. Inapanga mafaili moja baada ya jingine, na kila faili lina kichwa chake mbele: jina, ukubwa, tarehe. Kanda ikikatika katikati, unaruka hadi kichwa kinachofuata, unaendelea.

ZIP na 7z (aina ya faili linalotoka kwenye 7-Zip) zina orodha kuu ya yaliyomo, na orodha hiyo hukaa mwishoni kabisa mwa faili. Anayefunga mzigo hawezi kuandika orodha kamili kabla hajamaliza kufunga, ndiyo maana. Mwanzoni mwa 7z mna baiti 32 tu, na sehemu ya kazi yake ni kusema orodha iko umbali gani kutoka hapa. Kwangu umbali ule ulipita katikati ya kipande cha tatu, ambacho hakikuwapo. Programu ilihesabu hatua, ikatua pasipo na kitu.

Hapo nikakumbuka Tendaguru. Kila mtoto wa Lindi anaambiwa habari za ile mifupa: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mijusi wakubwa wa kale kwenye kile kilima, wapagazi wa huku kwetu wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Tunaisimulia kama habari ya kuporwa, na ni haki yetu. Mimi safari hii nilikuwa nawaza habari nyingine: kila mfupa uliandikwa namba na mahali ulipotoka. Mmoja wao, mwenye urefu wa kwenda juu kama mita 13, alisimamishwa kwenye makumbusho mwaka 1937, zaidi ya miaka 20 baada ya shehena kufika. Bila namba zile wangekuwa na ghala la mawe.

Orodha ya bibi haikupotea. Ilikuwa kwenye kadi ya mama mdogo, mkiani mwa kipande cha nne. Tatizo lilikuwa daraja tu.

Pavlov mwenyewe ameandika maelezo ya namna ya kuokoa akaivu zilizoharibika, nami nikayasoma mara tatu. Kipande kikikosekana, tengeneza faili bandia lenye ukubwa uleule, lipe jina la kilichopotea. Nikatengeneza faili la baiti 104,857,600, zote sifuri. Maiti ya karatasi. Nikaliita .003, nikabonyeza tena.

Majina 9 yakatokea. Kanda1, kanda2, hadi kanda9, kila moja na ukubwa wake.

Nililia kidogo, duka likiwa wazi. Mteja akadhani nimefiwa.

## Donge

Kanda ya kwanza ikatoka nzima. Ya pili, ya tatu, ya nne, nzima. Ya tano ikatoka dakika 85, halafu ikakatika. Ya sita hadi ya tisa: kosa la data.

Hapo ndipo nilipoanza kutolala kwa sababu ya pili. Piga hesabu nami. Kanda ya sita na ya saba zilikuwa ndani ya kipande kilichofutwa, hizo basi, zimekwenda. Ya nane ilianzia huko. Lakini ya tisa yote ilikuwa ndani ya kadi ya mama mdogo, mwanzo hadi mwisho, pamoja na dakika kama 50 za mwisho za ile ya nane. Kadi iko mkononi, nzima, haina hata mkwaruzo. Kwa nini haisomeki?

Mwaka 1977 Waisraeli wawili, Jacob Ziv na Abraham Lempel, walitoa wazo ambalo leo limo ndani ya karibu kila kitu unachopakua. (Walifariki wote mwaka 2023, hawakupishana hata miezi miwili.) Wazo lenyewe halina makuu. Unasoma maandishi kutoka mwanzo. Ukikutana na maneno yaliyokwisha kupita, usiyaandike tena. Andika tu: rudi nyuma herufi 300, nakili herufi 45. Juu yake huongezwa hila kama ile ya David Huffman, aliyoibuni akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, ili aepuke mtihani wa mwisho, ikachapishwa 1952: herufi inayotokea mara nyingi ipewe alama fupi, ya nadra ipewe ndefu. ZIP ni ndoa ya mambo hayo mawili.

Nilijaribu kwa hadithi moja ya bibi niliyoikumbuka, ya msichana anayeshuka bondeni kuteka maji akakutana na zimwi. Ina kiitikio kinachoimbwa kila msichana anapofika mahali. Nikaiandika kwenye kompyuta, kiitikio mara saba, nikaibana. Kiitikio cha kwanza kilibaki kama kilivyo. Sita vilivyofuata vikawa baiti chache kila kimoja: rudi nyuma, nakili. Programu ilikiona kitu alichokifanya bibi kwa makusudi, ikakiita ziada.

Sasa, ZIP hukumbuka kilobaiti 32 tu za nyuma, na hubana kila faili peke yake. 7-Zip, kwa kiwango nilichochagua mimi, ilikumbuka hadi MB 64 za nyuma, na haikujali mpaka wa faili. Ilimimina kanda zote 9 kuwa donge moja, kama ugali. Ndiyo siri ya kubana kwake: kanda ya tano inaweza kunakili kutoka ya nne. Lakini kinachoweza kunakili kutoka nyuma kinategemea nyuma. Ukiondoa MB 100 katikati, kila kinachofuata kinasema rudi nyuma, na nyuma hakuna kitu. Hata kusoma biti moja inayofuata huwezi, kwa sababu maana yake inatokana na zote zilizotangulia.

Kanda ya tisa ipo. Nimeishika. Nadhani nitaishi nayo hivyo.

## Megabaiti nane

Jioni moja nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya 2012. Mafaili ya MP3 yalikuwa MB 371. Baada ya kubana kwa nguvu zote, vipande vinne kwa jumla vilikuwa MB 363.

MB 8.

MP3 imeshabanwa tayari, tena kwa njia kali kuliko ya Ziv na Lempel: inatupa kabisa sauti ambazo sikio halitazisikia, na haiwezi kuzirudisha. Picha za JPEG vilevile. Kuibana tena ni kukamua machicha ambayo tui la kwanza na la pili yamekwisha kutoka. Mtu yeyote anayefunga picha za harusi kwenye ZIP akitegemea zipungue, asitegemee. Anazifunga tu ziwe mzigo mmoja, na hilo pekee ni sababu ya kutosha.

Sauti ya MB 8, kwa ubora nilioutumia, ni kama dakika 17. Ili niokoe nafasi ya dakika 17 nilifunga kwa donge, na donge likanila zaidi ya saa 2 ambazo ziko mkononi mwangu sasa hivi. Na hata nafasi ile sikuihitaji: MB 371 zingeingia kwenye kadi nne zilezile bila kubanwa hata baiti moja.

Ningetumia ZIP ya kawaida, kanda ya tisa ingetoka yenyewe. Ndani ya ZIP kila faili lina kichwa chake mbele, na kila kichwa huanza na herufi P na K. Hizo ni za Phil Katz, wa Milwaukee, Marekani, aliyetoa PKZIP mwaka 1989 baada ya kushitakiwa na kampuni iliyokuwa na programu ya kubana iitwayo ARC. Badala ya kuuficha muundo wake mpya, aliutangaza wazi, yeyote autumie. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 37, pombe ikiwa imemmaliza. Mpaka leo hati yako ya Word ya .docx ni ZIP, programu ya simu ya .apk ni ZIP. Ifungue kwa kifaa cha kuonyesha baiti utamkuta Katz amekaa mlangoni: PK. Nilimtafuta kwenye kadi ya mama mdogo kwa mazoea tu. Nilijua hayumo.

Kilichoniuma zaidi ni kadi ya tano.

Zilikuwapo kadi nyingine za MB 128 dukani, bosi angenipa bure. Chukua namba tatu na jumla yake. Ukipoteza namba moja, unaipata kwa kutoa. Hesabu ya namna hiyo inafanyika kwa mafaili: vipande vinne na cha tano cha jumla, na chochote kimoja kikipotea, vinne vilivyobaki vinakizaa upya, baiti kwa baiti. Kuna hesabu pana zaidi, ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960, inayokuwezesha kupoteza zaidi ya kimoja. Ndiyo iliyofanya CD iliyokwaruzwa iendelee kuimba. Programu za kufanya hivyo zilikuwapo za bure miaka mingi kabla ya 2012. Sikuzitafuta. Nilikuwa natafuta namna ya kupunguza, haikunijia kichwani kuongeza.

## Dakika ya 85

Nikafunga duka Jumamosi, nikapanda Newala na kompyuta na spika ndogo. Mama mdogo alitoka Masasi. Kaka alikuja kutoka Lindi, amekaa karibu na mlango kama mgeni.

Nikawachezea kanda ya tano.

Sauti ya bibi ilitoka nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na nyuma yake jogoo, na mtoto anakohoa. Mama mdogo akasema huyo anayekohoa ni wewe. Kaka hakuinua uso. Ilikuwa ileile hadithi ya msichana na zimwi, bahati au vyovyote utakavyoita. Bibi akaimba kiitikio, waliokuwa uani zama zile wakaitikia. Akaendelea. Mara ya pili. Mara ya tatu, na hapo mjomba akaanza kuitikia pamoja na sauti yake mwenyewe ya ujana iliyomo kwenye kanda. Mara ya nne sote.

Mara ya tano bibi akaanza mstari wa kwanza, akafika nusu, sauti ikakatika. Ndipo lilipoanzia faili langu la sifuri.

Hakuna aliyesimama. Mjomba alimalizia mstari, mama mdogo akadaka, tukaimba kiitikio hadi mwisho kana kwamba kanda bado inazunguka.

Halafu tukanyamaza, tunangoja iendelee.

"Akafika mtoni," akasema mjomba, "zimwi likamwambia weka mtungi chini."

"Hakufika mtoni," akasema mama mdogo. "Alirudi. Mama yake alimsikia akiimba, akatoka na mchi."

"Mchi ni wa hadithi nyingine ile."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mjomba anaapa msichana aliliwa, mama mdogo anaapa aliokoka, na kila mmoja ana ushahidi: bibi alinisimulia mimi, nimelala ubavuni kwake. Nikagundua kitu ambacho hesabu za Reed na Solomon hazikunifundisha vizuri. Kiitikio tumekiokoa kwa sababu kilikwishaimbwa mara nne. Mwisho wa hadithi bibi aliusema mara moja, dakika ya 86 au 87, na dakika hizo alikuwa nazo kaka.

Kaka akatoka nje kuvuta hewa. Nilimfuata, sikuwa na la kumwambia, tukasimama chini ya mkorosho tunafukuza mbu.

## Tupa tu

Sasa lile jibu.

Mwaka 2012 mjomba aliponiuliza azifanye nini kanda, nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Nilimwambia, "Tupa tu, mjomba. Ziko salama sasa."

Hakuzitupa siku ile. Aliziweka kwenye boksi chumbani karibu mwaka mzima. Mwishowe akazichoma pamoja na magunia mabovu, kwa sababu mpwa wake aliyesoma alisema.

Wiki zote hizi nimekuwa najificha nyuma ya 7-Zip. Nimesoma habari za donge na orodha na baiti 32 kana kwamba kosa liko humo. Programu ilifanya nilichoiambia, tena vizuri mno. Usiku wa Newala, wengine wamelala, nilimwambia mjomba hilo moja kwa moja: kanda zingekuwapo kama nisingefungua mdomo. Alikuwa anatikisa tochi yake iliyoisha betri, akiigonga kiganjani.

"Ile kadi yangu," akasema, "ilitoa nini?"

Nikamwambia. Kadi yangu peke yake ingetoa kanda mbili na nusu hivi. Nusu iliyobaki ya kanda ya tatu, ya nne yote, na dakika 85 za ya tano zilitoka kwenye leso yake.

Akatikisa kichwa, akarudia, "Ya nne yote." Hakusema kingine kuhusu jambo hilo, wala sijui kama ndilo jibu la swali alilonipa dukani.

Asubuhi nikampa kila mmoja kanda zote zilizopona, MP3 zikiwa wazi, hazijafungwa, hazijabanwa, zinafunguka kwa simu yoyote. Kaka alizikagua papo hapo, moja baada ya moja, akasogeza kila moja hadi mwisho. Halafu nikaweka simu yangu mezani, nikamwomba mjomba asimulie anachokumbuka cha kanda ya sita hadi ya tisa. Alianza kwa kukataa. Akasimulia dakika 41. Alirudia nasaba ya upande wa Kitangari mara tatu kwa sababu kila mara alikumbuka jina lililorukwa; alirudia mwisho wa ile hadithi, msichana akaliwa tena, mama mdogo akampinga tena, na yote yamo. Nilirekodi kwa WAV, bila kubana.

Akaniuliza limekuwa kubwa kiasi gani.

"MB 217, mjomba."

"Linaingia kwenye kadi yangu?"

"Haliingii. Yako ni ya 128."

Akafikiri. Akatoa leso mfukoni, akalegeza fundo kwa meno, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nane.

"Basi nenda ukaninunulie kubwa. Mbili."